Rekodi za Jeti Zisizo na Medali: Kutoka Kisongo Hadi Komoro

Wilaya za Mbulu na Hanang hazina uwanja wa kutua jeti ya abiria. Haydom kuna uwanja mdogo ambao ndege nyepesi za shirika la MAF huutumia kwa safari za wahudumu wa afya, na mtu wa Katesh, Dongobesh au Basotu anayetaka kusafiri mbali kwa ndege hupanda basi kwanza mpaka Arusha au uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Jeti zenyewe tunazijua kwa mistari myeupe inayopita juu ya Mlima Hanang. Mlima huo una kimo cha mita 3,400 na ushei; jeti iliyo safarini huwa mita 10,000 na zaidi. Huko juu ndiko kwenye usalama. Karibu kila rekodi iliyomo humu iliwekwa dakika chache baada ya kuruka au dakika chache kabla ya kutua.

Nchi iliyomtoa John Stephen Akhwari wa Mbulu na Gidamis Shahanga wa Katesh inazijua rekodi kama jambo la kujivunia. Hizi ni za aina nyingine. Aliyeziweka hakuzitaka, na kila mtu anaomba zisivunjwe. Zinafaa kusomwa kwa sababu moja: nyuma ya kila namba kubwa kuna kitu kidogo, na mara nyingi kitu hicho kimekwisha kurekebishwa.

Jeti kubwa iliyotua Kisongo

Hii ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote. Basi la kutoka Katesh au Mbulu hupita kando ya uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, kabla ya kuingia mjini. Ni uwanja wa ndege za pangaboi, zile zinazopeleka watalii Serengeti na abiria Zanzibar. Njia yake ya kurukia ilikuwa na urefu wa mita 1,600 hivi. Desemba 18, 2013, ikashuka hapo Boeing 767-300 ya Ethiopian Airlines, yenye urefu wa karibu mita 55, ikiwa na watu zaidi ya 200.

Ilikuwa imetoka Addis Ababa kwenda KIA. Huko KIA ndege ndogo ilikuwa imeharibika na kuziba njia, kwa hiyo jeti ikabaki angani ikisubiri. Viwanja hivi viwili vimeachana kwa kilometa 50 hivi tu. Njia zake zote mbili zimelala mashariki kwa magharibi, na zote zimepewa namba zilezile, 09 upande mmoja na 27 upande wa pili. Jeti ikatua kwenye njia isiyo yake. KIA ina mita 3,600 za lami. Kisongo wakati huo haikufika hata nusu yake. Breki zilishika, lakini ndege iliishia kwenye majani mwishoni mwa njia, magurudumu yakazama kwenye udongo. Hakuna aliyeumia. Tatizo lililofuata lilikuwa la kushuka: uwanja wa ndege ndogo hauweki ngazi ya kufikia mlango wa 767, abiria wakabaki wameketi ndani.

Siku chache baadaye iliruka kutoka palepale, bila abiria na ikiwa na mafuta kidogo. Jeti nyepesi huhitaji njia fupi kuliko iliyojaa, na hilo ndilo lililoiokoa isifunguliwe vipandevipande.

Ethiopian haikukoma hapo. Aprili 2021 ndege yake ya mizigo iliyokuwa ikienda Ndola, Zambia, ilitua kwenye uwanja mpya uliokuwa bado unajengwa. Macho ya rubani huamini lami anayoiona, na ndiyo maana siku hizi vyombo vya ndani ya ndege nyingi humtajia njia anayoikaribia.

Jumbo ya kwanza duniani kuua abiria katika ajali

Boeing 747 ilianza kubeba abiria Januari 1970. Kwa karibu miaka mitano hakuna aliyekufa katika ajali yake. Rekodi hiyo ilivunjikia Nairobi, Novemba 20, 1974, wakati ndege ya Lufthansa safari namba 540, iliyotoka Frankfurt, iliporuka kuelekea Johannesburg.

Mbele ya mabawa ya jumbo kuna vibawa vinavyosukumwa nje wakati wa kuruka ili bawa liweze kuinua uzito wote ule. Katika 747 vinasukumwa na hewa ya shinikizo inayotoka kwenye injini, na hewa hiyo hupitia kwenye valvu. Asubuhi ile valvu zilikuwa zimefungwa. Vibawa havikutoka. Nairobi iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na bawa lisilo na msaada huo linaishiwa nguvu mapema zaidi kuliko pwani. Jumbo ikainuka, ikaanza kutetemeka. Marubani walidhani mtetemo unatoka kwenye magurudumu, wakayakunja. Ndege ikashuka kwenye nyasi zaidi ya kilometa moja kupita mwisho wa njia, ikagonga tuta la barabara, ikavunjika na kuwaka moto. Waliokuwamo ni 157, walikufa 59.

Kabla ya hapo, marubani wa mashirika mengine walikuwa wamewahi kukutana na tatizo hilihili la vibawa na kuponea. Baada ya Nairobi, Boeing iliongeza mfumo wa kumwonya rubani kama valvu hazijafunguliwa. Kila jumbo iliyoruka tangu hapo imebeba funzo la Nairobi.

Iliyoponea chupuchupu kuliko zote

Miezi miwili na nusu kabla ya ajali hiyo, Septemba 3, 1974, jumbo ya British Airways ilikuwa ikiingia Nairobi ndani ya mawingu. Mnara ulimwambia rubani ashuke hadi futi 7,500, akitaja tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Ndani ya ndege ikasikika tano, sifuri, sifuri, sifuri. Uwanja wa Nairobi wenyewe uko futi 5,327. Marubani walikuwa wameiagiza jumbo ishuke chini ya ardhi.

Walitoka kwenye wingu wakaiona mbuga mbele ya kioo. Rubani akavuta, ndege ikapanda tena. Kwa kimo cha chini kabisa ilikuwa imebakiza kama futi 70, yaani mita 21, wakati mkia wa jumbo peke yake unafika karibu mita 19.

Desemba ya mwaka uleule ndege ya TWA ilishuka kabla ya wakati karibu na Washington, ikagonga mlima, watu 92 wakafa. Marekani ikaagiza jeti zake zote kubwa ziwekewe chombo kinachopiga kelele ardhi inapokaribia. Kabla ya hapo kazi hiyo iliachiwa zaidi rubani mwenyewe. Afrika Mashariki iliyajua hayo mapema: Mei 18, 1955, DC-3 ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Mlima Kilimanjaro na kuua wote 20.

Ajali mbaya kuliko zote ya East African Airways

Shirika hilo la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania liliruka na Super VC10, jeti yenye injini nne mkiani. Aprili 18, 1972, moja kati yake ilikuwa Addis Ababa ikielekea Rome na London. Ikiwa kasi kwenye njia, gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha chuma, kitako cha jeki kilichodondoka kutoka kwenye ndege ndogo. Tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimama.

Hapo kikajitokeza kitu cha pili. Sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa vibaya wakati wa matengenezo, kwa hiyo breki hazikushika kwa nguvu zake zote. VC10 ikapita mwisho wa njia, ikaanguka bondeni na kuwaka. Kati ya watu 107 walikufa 43. Kitako cha jeki peke yake kingeishia kwenye tairi lililopasuka na abiria waliokasirika.

Vifo vingi zaidi katika ndege ya shirika la Kenya, Uganda au Tanzania

Januari 30, 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways, safari namba 431, iliruka usiku kutoka Abidjan ikielekea Lagos na kisha Nairobi. Mapema siku hiyo ilikuwa imeshindwa kutua Lagos kwa sababu ya vumbi la Sahara, ikapitiliza hadi Abidjan. Mara tu ilipoinuka, kengele ya kuonya kwamba ndege inaishiwa nguvu ya kuelea ikalia. Kengele ilikuwa ya uongo. Ndege haikuwa na tatizo lolote. Rubani aliyeishika akafanya kile alichofundishwa, akaielekeza pua chini ili ipate kasi. Chini kulikuwa na bahari, na giza lilikuwa limeficha umbali wake. Nusu dakika baada ya kuruka ndege iligonga maji. Kati ya watu 179 walipona 10. Vifo 169 vimebaki kuwa rekodi ya A310 duniani na ya Kenya Airways.

Ajali za namna hii, rubani asipoona kilicho chini yake, zinafahamika. Uganda Airlines ilipata yake Oktoba 17, 1988, ukungu ulipoizuia Boeing 707 yake kuiona njia ya Rome; ilianguka katika jaribio la tatu la kutua na kuua 33 kati ya 52.

Iliyotafutwa mbali na ilipokuwa

Mei 5, 2007, baada tu ya saa sita usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari namba 507, iliondoka Douala katika dhoruba. Ilikuwa na umri wa miezi sita. Chombo cha kuiendesha yenyewe kilikuwa hakijawashwa ipasavyo, na kwa sekunde nyingi hakuna mkono ulioirekebisha. Ndege ikaanza kuegemea kulia polepole, kiasi kwamba mwili wa mtu aliyeketi gizani hauhisi kitu. Rubani aliposhtuka ilikuwa imeegemea mno, na hatua alizochukua kwa haraka zikaizidisha. Watu wote 114 walikufa.

Helikopta zikaenda kuitafuta kwenye misitu ya kusini, zaidi ya kilometa 100 kutoka uwanjani. Ndege ilikuwa kilometa 5.4 kutoka mwisho wa njia ya Douala, imezama kwenye matope ya mikoko, sehemu ndogo tu ikionekana juu. Ilipatikana baada ya saa zaidi ya 40. Kwa abiria wale hakungekuwa na tofauti, maana hakuna aliyepona kishindo. Lakini familia zilizokesha Nairobi zilipewa matumaini ya siku mbili huku ikitafutwa mahali pasipo sahihi.

Rubani aliyetekwa mara tatu

Leul Abate wa Ethiopian Airlines alikuwa amekwisha kutekwa na ndege yake mara mbili, na mara zote mbili alirudisha abiria salama. Mara ya tatu ilikuwa Novemba 23, 1996, akitoka Addis Ababa kwenda Nairobi na Boeing 767. Watekaji watatu walidai wapelekwe Australia. Akawaeleza kwamba mafuta yametiwa ya kufika Nairobi na akiba kidogo. Hawakumwamini.

Leul akaifuata pwani ya Afrika Mashariki kuelekea kusini ili asiache nchi kavu. Walipogundua hila hiyo wakamlazimisha ageukie baharini, naye akaelekea Komoro. Injini ya kwanza ikazimika, kisha ya pili. Akaishusha majini karibu na ufuo wa hoteli ya Galawa, Ngazija, ndege ikagusa kwa bawa la kushoto na kukatika vipande mbele ya watalii. Wavuvi, watalii na madaktari waliokuwa likizoni wakaingia majini. Kati ya watu 175 walipona 50, Leul akiwa mmojawao. Waliokufa ni pamoja na Mohamed Amin wa Nairobi, mpigapicha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya 1984.

Wapo waliopona kishindo wakafa maji. Walikuwa wamejaza hewa maboya yao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, maboya yakawabana juu kwenye dari badala ya kuwatoa mlangoni. Mhudumu anaposema usijaze boya kabla ya kutoka, na abiria wanaendelea kuchezea simu, anasimulia kilichotokea Galawa.

Utekaji mrefu ulioanzia Mwanza

Februari 26, 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam na ikaishia Uingereza. Vijana waliojiita wanamapinduzi walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ndege ilipitia Nairobi, Jeddah na Athens kabla ya kutua Stansted, ambako waliweka silaha chini Februari 28. Watu waliopanda kwa safari ya saa moja na kidogo walijikuta kwenye baridi ya Ulaya na nguo za Mwanza.

Uwanja uliokatwa na volkano

Goma, mashariki mwa Kongo, ilikuwa na njia ya kilometa tatu. Januari 2002 Nyiragongo ikalipuka, na uji wake wa moto ukafunika karibu theluthi ya njia. Viwanja vingi vingefungwa. Goma iliendelea na kilichobaki, kwa sababu barabara za kuingia mjini zilikuwa mbaya zaidi. Aprili 15, 2008, DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kuruka katika urefu huo, ikavunja ukuta na kuingia mtaa wa Birere. Watu kama 40 walikufa, wengi wao wakiwa wauzaji na wakazi ambao hawakuwa na tiketi.  Jiwe lililofupisha njia kila mtu mjini alilijua kwa miaka sita.

Aliyebaki peke yake

Juni 30, 2009, Airbus A310 ya Yemenia ilianguka baharini ikiingia Moroni usiku. Kati ya watu 153 alipona mmoja, Bahia Bakari, msichana wa miaka 12 aliyekuwa akisafiri na mama yake. Hakuwa na boya na hakuwa mwogeleaji hodari. Alishikilia kipande cha ndege kwa saa zaidi ya tisa mpaka meli ikamfikia.

Iliyosimamisha wenzake dunia nzima

Machi 10, 2019, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliruka kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Ilidumu dakika sita. Kitambuzi kimoja kando ya pua kilitoa taarifa ya uongo kwamba pua imeinuka mno, na programu iliyofichwa ndani ya kompyuta ikaisukuma pua chini, ikarudia tena na tena. Watu 157 walikufa, Wakenya 32 wakiwa wengi kuliko taifa lolote. Ndege ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka Indonesia miezi minne na nusu kabla, na kuua 189.

Ndani ya siku chache MAX zote duniani zilisimamishwa, na Marekani haikuziruhusu tena mpaka Novemba 2020. Ulinganisho na Abidjan ni wa kutisha: mwaka 2000 kengele ya uongo ilimdanganya mtu, mwaka 2019 taarifa ya uongo iliidanganya mashine, na mtu akashindwa kuinyang'anya usukani.

Ambazo wote walipona

Februari 2000 jeti ya mizigo aina ya Boeing 707 iliangukia Ziwa Victoria ikiingia Mwanza; wote watano waliokuwamo walitoka hai. Desemba 29, 2000, abiria aliyechanganyikiwa alivamia chumba cha marubani cha jumbo ya British Airways iliyokuwa ikija Nairobi na watu karibu 400, ikaporomoka angani juu ya Sudan kabla hajadhibitiwa. Mlango ule haukuwa wa kuzuia mtu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka uliofuata, milango ya namna hiyo iliimarishwa. Na Novemba 28, 2002, makombora mawili yalirushwa kwa Boeing 757 ya Arkia ilipokuwa ikiondoka Mombasa na watu 271. Yalipita pembeni.

Kilicho nyuma ya rekodi

Rekodi ya dunia ni vifo 583, jumbo mbili zilipogongana Tenerife mwaka 1977. Iliwekwa chini, kwenye njia, ndani ya ukungu, kwa maneno ya redio yasiyoeleweka. Haijavunjwa, ingawa idadi ya abiria duniani imeongezeka mara nyingi. Bahati haidumu muda wote huo. Kanuni za kimataifa zinataka ripoti ya awali ya ajali ya ndege itoke ndani ya siku 30, na zinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Ndivyo valvu ya Nairobi ilivyobadilisha jumbo za Japani na Brazil.

Sisi tunaosafiri kwa basi kutoka Katesh kwenda Babati, au kuteremka bonde la ufa kutoka Mbulu, tuna msemo wa msibani: ajali haina kinga. Tunaambiwa mwendo kasi, tunaambiwa dereva ametoroka, tunazika, basi lingine linapita kona ileile wiki inayofuata likiwa na breki za fundi yuleyule. Mtu wa Hanang ana nafasi ndogo mno ya kufa katika jeti, na nafasi kubwa zaidi ya kufa njiani kwenda kuipanda. Anastahili apewe kile anachopewa abiria wa jeti: ripoti ya siku 30, iliyobandikwa stendi, inayotaja tairi lipi lilipasuka, breki ipi iliunganishwa vibaya na kona ipi itarekebishwa.